Mbwa wa Nyumbani Ahitaji Mkono, Si Mnyororo Tu

Katika mitaa yetu ya mjini mbwa aghalabu hafugwi kwa ajili ya mapambo. Mfanyakazi atokaye nyumbani alfajiri kuwahi basi, na kurudi jioni akiwa hoi kwa uchovu, humfuga mbwa ili amlindie vyombo vyake, kuku wake na usingizi wa watoto wake. Humpa ukoko wa ugali na mifupa, humwekea maji katika kopo, humfunga mnyororo mchana na kumfungulia usiku, kisha huhesabu kwamba amekwisha timiza wajibu wake. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao kwa muda wa miaka minne, na haya niyaandikayo leo nimeyajua kwa gharama.

Mbwa wetu aliitwa Simba. Tulimpata akiwa bado mdogo, na kwa majuma machache watoto walimchezea kutwa kucha. Alipokua na kuanza kubweka kwa sauti nzito, tulimfunga nyuma ya nyumba, karibu na karo la kufulia. Watu walipopita uchochoroni wakiharakisha mwendo kwa hofu, nilijiona nimefanikiwa. Hakuna aliyemgusa tena.

Jioni moja ya masika, binti yetu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka tisa, alimpelekea chakula. Kopo lilikuwa limenasa katika mnyororo. Mtoto akainama, akamshika mbwa shingoni ili apate kulichomoa. Simba akamwuma mkono.

Mama yake hakupoteza wakati kwa kupiga kelele. Alimvuta mtoto hadi bombani, akaliosha lile jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa robo saa nzima, kama alivyowahi kufundishwa kliniki, kisha tukaenda hospitali. Huko nikaulizwa swali moja tu: "Baba, mbwa huyo amechanjwa?" Nikakosa la kujibu. Alichanjwa mara moja utotoni mwake, na kadi yake ilikwisha potea. Tangu hapo, kila wachanjaji walipopita mtaani, sikumpeleka, kwa sababu hakuna mtu wa nyumbani kwangu aliyethubutu kumshika. Mtoto akaanza kuchomwa sindano za kinga usiku uleule.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekata shauri kwamba mbwa yule auawe kabla jua halijachomoza. Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu kazi, ndiye aliyenizuia. "Mwanangu," aliniambia, "mbwa aliyemwuma mtu haharakishwi kuuawa, hutazamwa. Ukimwua usiku huu na kumtupa, kesho daktari akikuuliza alikuwa na nini, utamjibu nini?" Asubuhi nikamwita bwana mifugo.

Yule bwana alikuja na kipande cha kanga kuukuu. Akamfunga mbwa mdomo kwa ustadi, akapiga magoti kando yake, akapitisha vidole vyake polepole katika manyoya ya shingo. Mkono ukasimama. Mkanda wa ngozi tuliomvisha Simba alipokuwa kijana haukuwa umelegezwa hata mara moja. Shingo ilinenepa, mkanda ukabaki palepale, hata ukazama ndani ya nyama. Chini yake palikuwa na kidonda kirefu kilichooza, kimejaa mabuu ya nzi. Ndani ya masikio kupe walikuwa wameshikana kama shanga. Bwana mifugo akainua uso akaniuliza, bila hasira yoyote: "Mzee, ni lini mara ya mwisho mkono wa mtu wa nyumba hii ulipita hapa?"

Sikujibu. Nilikuwa namwona mbwa yule kila siku, tena mara mbili, wala sikuwa nimepata kuona lile lililokuwa shingoni mwake. Binti yangu alishika pale penye kidonda, na Simba akafanya kile ambacho kiumbe yeyote asiye na maneno angekifanya.

MANYOYA YAFICHA MENGI

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kumtunza mbwa mwili wake. Watu wengi hudhani kwamba kumchana mbwa, kumwogesha na kumkata kucha ni anasa ya matajiri wenye majumba ya bustani, au mambo ya sinema za Ulaya. Sivyo. Mbwa hawezi kusema "hapa pananiuma". Kidonda, uvimbe, mwiba, kupe, ukurutu na jipu huanza chini ya manyoya, na kwa siku nyingi jicho haliwezi kuviona. Mkono ndio uvionao kwanza. Mtu apitishaye mkono mwilini mwa mbwa wake mara moja kila juma hulikuta jambo lingali dogo. Asiyepitisha mkono hulikuta limekwisha kuwa kubwa, na gharama yake kubwa pia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sababu ya pili ni kwamba mbwa aliyezoea kushikwa hushikika siku ya shida. Huyo ndiye mbwa unayeweza kumpeleka kuchanjwa, kumfunga bendeji, kumnywesha dawa na kumwondoa mbele ya mgeni bila vita. Mbwa asiyeguswa huwa mateka wa mnyororo wake, na mwenye mbwa naye huwa mateka wa ukali alioulea mwenyewe. Ukali wa namna hiyo haumlindi mtu. Mlinzi mwema humtambua mwenyeji na mgeni, lakini mbwa aliyejaa maumivu humwuma yeyote aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni mtoto.

KUCHANA

Anza na kuchana, maana ndilo jambo jepesi, nalo humpendeza mbwa mwenyewe. Mbwa wetu wengi wana manyoya mafupi, na kwao brashi ngumu ya kawaida au kitambaa kikavu kisicho laini chatosha mara moja kwa juma. Mwenye mbwa wa manyoya marefu hana budi kumchana kila siku mbili au tatu kwa chanuo lenye meno mapana, kwani manyoya marefu katika joto na unyevu wa pwani hujisokota yakawa mafundo, na chini ya mafundo ngozi haipati hewa, hutota, hatimaye huoza.

Chana kwa kufuata ulalo wa manyoya, kuanzia shingoni kwenda mkiani, kisha mbavuni, tumboni na miguuni. Usilivute fundo kwa nguvu. Lishike karibu na ngozi kwa vidole, kisha lifumue kidogo kidogo kwa ncha ya chanuo. Mkono mmoja unapochana, mwingine na upapase. Papasa chini ya mkanda wa shingo, nyuma ya masikio, makwapani, kati ya mapaja, chini ya mkia na kati ya vidole vya miguu. Hapo ndipo wadudu na vidonda hupenda kujificha. Kuhusu mkanda wenyewe, kanuni ni nyepesi: vidole viwili vya mtu mzima vipite kati ya mkanda na shingo bila kubanwa. Mbwa anayekua apimwe kila juma.

KUOGESHA

Mbwa hahitaji kuoga kila siku kama binadamu. Ngozi yake ya juu ni nyembamba kuliko yetu, na ina mafuta yake ya asili yanayoilinda. Kumwogesha mno huyaondoa mafuta hayo, ngozi ikakauka na kuwasha. Kwa mbwa wa kawaida mara moja kwa mwezi yatosha, au anapokuwa amejipaka uchafu. Mtoto wa mbwa aliye chini ya majuma manane asiogeshwe, na mbwa mgonjwa asubiri apone, isipokuwa daktari wa mifugo akiagiza vingine.

Chagua asubuhi yenye jua ili akauke kabla ya jioni. Mchane kwanza, kwani fundo likilowa hukaza zaidi. Tumia maji ya uvuguvugu, au maji yaliyoachwa juani ndani ya ndoo. Anza kumlowesha na kumpaka sabuni shingoni, pande zote. Ukianzia mgongoni, viroboto hukimbilia kichwani na masikioni. Kisha shuka mwilini hadi miguuni. Uso ufutwe kwa kitambaa chenye maji matupu, na maji yasiingie masikioni.

Sabuni ifaayo ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, ipatikanayo katika maduka ya dawa za mifugo. Ikikosekana, sabuni laini ya kuogeshea watoto wachanga huweza kusaidia mara mojamoja. Sabuni ya unga ya kufulia nguo, dawa za kusafishia choo na sabuni kali za kusugulia masufuria zisitumike kamwe, maana huunguza ngozi. Kosa kubwa la watu wengi ni kusuuza haraka. Mwagia maji kwa kata mpaka yatoke meupe kabisa, kwa kuwa sabuni iliyobaki ndiyo imfanyayo mbwa kujikuna wiki nzima, na mwenye mbwa akadhani amepata upele. Mkaushe kwa taulo kuukuu, umweke juu ya mkeka au sakafu ya saruji, la sivyo atakwenda moja kwa moja kugaagaa mchangani.

KUPE, VIROBOTO NA FUNZA

Adui mkubwa wa mbwa wa mjini ni kupe wa rangi ya kahawia. Tofauti na kupe wa ng'ombe apendaye malisho, huyu huweza kuishi na kuzaana ndani ya nyumba na mabanda. Kupe jike akishiba damu hujiangusha, hupanda ukutani na kutaga mayai maelfu katika nyufa za matofali, nyuma ya mbao na chini ya mikeka. Aliyekomaa huweza kukaa miezi mingi bila kula, akisubiri. Ndiyo sababu mtu humtoa mbwa wake kupe wote Jumamosi, na Jumamosi inayofuata akawakuta wengine. Huyu ameusafisha mwili na kuusahau ukuta.

Kupe hanyonyi damu tu, bali huambukiza homa kali. Mbwa mwenye homa ya kupe hukataa chakula, hulegea, ufizi wake hupauka, na pengine mkojo wake hugeuka rangi kama chai ya rangi au damu humtoka puani. Dalili hizi ni za kumkimbiza kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akiwahiwa hutibika. Akicheleweshwa hufa, na majirani husema amelishwa sumu.

Kumtoa kupe kuna namna yake. Mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi ya mbwa, umvute moja kwa moja, polepole, bila kumzungusha. Usimpasue kwa kucha, usimchome kwa kiberiti, wala usimmwagie mafuta ya taa. Mtumbukize katika spiriti au maji yanayochemka. Kisha nawa mikono, na pale alipokuwa pasafishwe kwa dawa ya vidonda. Kibanda nacho kisuguliwe, nyufa zizibwe kwa udongo au saruji, na matandiko yachemshwe.

Viroboto wana hila nyingine. Wale uwaonao mwilini mwa mbwa ni sehemu ndogo tu ya jeshi lao. Mayai, mabuu na vifukofuko vyao viko katika gunia analolalia, katika vumbi la kibanda na katika mkeka wa barazani. Basi kila juma gunia hilo lifuliwe kwa maji ya moto, lianikwe juani mpaka likauke kabisa, na kibanda kifagiliwe, takataka zichomwe. Zaidi ya kuwasha, kiroboto hubeba tegu wachanga. Mbwa akimmeza wakati wa kujitafuna, tegu humwota tumboni. Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele chini ya mkia, jua ndiyo hayo.

Wako pia funza waingiao katika nyayo, na wako wale nzi watagao mayai kwenye mchanga na kwenye nguo zilizoanikwa chini au kivulini. Mabuu ya nzi hao hupenya ngozi ya mbwa, hali kadhalika ngozi ya mtoto, na kufanya vijipu vyenye tundu katikati. Hii ndiyo maana wazee wetu walisisitiza nguo zipigwe pasi hata upande wa ndani. Mahali alalapo mbwa pawe pakavu, na nyayo zake zitazamwe kila juma kama zitazamwavyo nyayo za watoto.

Kuhusu dawa za kuua kupe na viroboto, ziko za kumwagia mgongoni, za kuogeshea na za kumeza. Zote ni sumu iliyopimwa. Kipimo hufuata uzito wa mbwa, kwa hiyo ulizia na ufuate maelezo. Dawa kali ya josho la ng'ombe isikisiwe kwa jicho, na dawa ya mbwa asipakwe paka, kwani baadhi yake humwua.

MASIKIO, KUCHA NA MENO

Sikio zima halinuki. Ukisikia harufu mbaya, ukaona uchafu mweusi au wa kahawia, au mbwa akiwa anatikisa kichwa na kukiinamisha upande mmoja, kuna ugonjwa ndani. Kwa usafi wa kawaida futa sehemu ya nje tu kwa pamba iliyoloweshwa kidogo. Usichokoe ndani kwa kijiti, maana tundu la sikio la mbwa lina kona, na kijiti husukuma uchafu chini zaidi.

Mbwa atembeaye juu ya lami na saruji husaga kucha zake mwenyewe. Yule afungwaye mahali pamoja kucha zake hurefuka, mguu hukanyaga vibaya, na viungo huuma. Zaidi ya zote tazama ule ukucha wa pembeni usiogusa chini, kwa kuwa huweza kujikunja ukaingia katika nyama. Ndani ya kila ukucha mna mshipa wa damu. Katika ukucha mweupe huonekana kama mstari wa waridi, lakini katika ukucha mweusi hauonekani, kwa hiyo kata ncha ndogo ndogo tu, kwa mkasi wa kazi hiyo. Ukikosea na damu ikatoka, usifadhaike. Bandika unga mkavu wa mahindi, ukandamize kwa dakika chache, itakatika.

Mbwa mzima ana meno 42. Ukoga usipoondolewa hugeuka kuwa ugumu wa manjano, ufizi huvimba, na meno hulegea. Mzoeze kusuguliwa meno kwa kitambaa kilichozungushwa kidoleni, au kwa mswaki laini, kwa maji tu au kwa dawa iliyotengenezwa kwa mbwa. Dawa yetu ya meno asipewe, kwani yeye huimeza, na baadhi yake ina sukari ya bandia iitwayo zailitoli ambayo humwua mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo si zawadi, maana hupasuka vipande vyenye ncha na kumtoboa matumbo.

MAKOSA TULIYOYAZOEA

Liko jambo moja lililoenea mitaani ambalo hapana budi tuliseme waziwazi. Mbwa akipata ukurutu, manyoya yakapukutika, watu humpaka oili chafu ya gari. Wengine hutumia mafuta ya taa au maji ya betri. Oili hiyo ina madini na kemikali zipenyazo ngozi, na mbwa akijilamba huzimeza. Ini na figo huharibika, na utitiri uliosababisha ugonjwa huenda ukabaki. Ukurutu una dawa ya hakika kwa daktari wa mifugo, tena aina mojawapo huweza kumwambukiza mtu upele. Vivyo hivyo, vidonge vyetu vya kutuliza maumivu asipewe mbwa kwa kukisia. Baadhi yake humtoboa tumbo na kumharibu figo.

Kosa jingine ni kumfunga juani. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Bila kivuli na maji safi, joto la mchana huweza kumwua kwa saa chache. Wala haya si suala la huruma tu. Nchini Tanzania iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inamtaka mwenye mnyama amtunze na kumwepusha na mateso yasiyo ya lazima.

WATOTO NA MAJIRANI

Kichaa cha mbwa hakina mzaha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza hakuna tiba, lakini kabla ya hapo kinga ipo kamili: kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kwenda hospitali bila kuchelewa, na kumaliza sindano zote alizoagiza daktari. Siku hizi sindano hizo huchomwa mkononi, si tumboni kama zamani, kwa hiyo mtoto asitishwe akaficha jeraha. Mbwa naye achanjwe kuanzia umri wa miezi mitatu, na kurudiwa kila mwaka. Kadi yake iwekwe pamoja na vyeti vya nyumba.

Minyoo ya mbwa nayo huweza kuwaingia watoto wachezao mchangani. Kinyesi kizolewe kila siku na kufukiwa, mbwa apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu au kama daktari aagizavyo, na kila amgusaye anawe mikono.

Tukumbuke pia kwamba hatuishi peke yetu. Wengi wa majirani zetu wa pwani ni Waislamu wafuatao madhehebu ya Shafi, nao hawana budi kujitakasa kwa utaratibu maalumu waguswapo na mate ya mbwa. Mbwa achunguliaye jikoni kwa jirani, au ajikung'utaye penye kapeti la kusalia, huzaa ugomvi ambao hakuuanza yeye. Mfungie uani mwako, mfundishe kuitika jina lake, na jirani atakushukuru hata kama hatamgusa maishani mwake.

RATIBA YA NYUMBA

Huenda msomaji akasema, kazi hii ni nyingi na mimi sina nafasi. Ukweli ni kwamba huwa nyepesi ikiwa imegawanywa, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Kila siku, maji safi, kuzoa kinyesi na kumtazama macho na pua. Kila juma, kuchana, kupapasa mwili mzima, masikio, nyayo, kufua gunia na kusafisha kibanda. Kila mwezi, kuogesha, kutazama kucha na dawa ya kupe. Kila miezi mitatu, dawa ya minyoo. Kila mwaka, chanjo. Andika katika karatasi, ubandike nyuma ya mlango, na kila mtu apewe zamu yake. Watoto wadogo wasiachwe peke yao na mbwa, na asiguswe alapo au alalapo.

Mwenye mtoto wa mbwa ana bahati zaidi, maana samaki mkunje angali mbichi. Mguse nyayo, mfunue midomo, mtazame masikio kila siku kwa dakika mbili huku ukimpa kipande cha chakula. Mwenye mbwa mkubwa aliyezoea ukali asianze kwa ubavu. Aombe msaada wa bwana mifugo, amfunge mdomo kwanza, na aende hatua kwa hatua.

Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi. Simba alitazamwa kwa siku kumi, kwa kuwa mbwa aliyekuwa akitoa ugonjwa wa kichaa katika mate yake siku alipouma, kwa kawaida huugua na kufa ndani ya muda huo. Siku ya kumi na moja alikuwa hai, anakula, na kidonda chake kilianza kufumba. Mkanda wa ngozi niliutupa mwenyewe jalalani. Kwa miezi miwili ni mimi peke yangu niliyemkaribia, nikikaa juu ya kigoda kila jioni baada ya kazi, mwanzo mbali, kisha karibu, hata akaniruhusu kuweka mkono.

Binti yetu alimaliza sindano zake. Kwa muda mrefu hakutaka kwenda nyuma ya nyumba, wala sikumlazimisha. Jumamosi moja alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Baba, bado panamwuma?" Nikamjibu kwamba pamepona. Akasogea, nikamwonyesha jinsi ya kumpa mbwa mgongo wa mkono anuse kwanza. Akashika brashi, akampitishia mara tatu mbavuni, akairudisha kwangu. Juma lililofuata alimpitishia mara kumi. Siku hizi kazi hiyo ni yake, nami hukaa kando yake. Usiku Simba bado hubweka, na wapita njia bado huharakisha mwendo. Ulinzi haukupungua hata kidogo.